Njahi za Magadi: Safari ya Muthara Kuutafuta Mwanzo wa Kambini

Tangu nirudi sijapata nafasi hata ya kunoa kisu vizuri. Kila anayekuja buchani anaomba robo ya nyama, halafu anaegemea meza na kusema, "Haya Rama, tuambie, ilikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka koo limekauka. Tena kila ninayemsimulia anaongeza chumvi yake, na juzi nilisikia kwamba nilipigana na homugadi watatu, wale askari wa vijijini wa serikali, kule Chuka. Sikupigana na mtu. Basi naandika mara moja, anayetaka kusoma asome, na anayetaka nyama aje anunue nyama.

Habari za pasi ya kusafiri, na siku mbili nilizokaa kwenye benchi nikiingoja, naziruka. Kila mtu aliyeishi katika Emajensi hii, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, analijua benchi lile.

Kambini, kabla ya kuondoka

Kwa rafiki zangu wa mbali ambao hawajafika kwetu, Kambini ni mji mdogo sana, nyumba thelathini na kitu, upande wa Embu, pale ambapo ardhi inaanza kuteremka kwenda Mbeere kwenye joto. Tuko kwenye bega la kilima kati ya vijito viwili. Msikiti uko katikati. Soko liko juu, nje ya mji. Machinjio yako chini kabisa, ili maji yakishachafuka yasimrudie mtu. Na kila nyumba ina ukumbi wa mbele usio na mlango, mgeni aingie, aketi, apumzike, ndipo aulizwe jina.

Waembu hawajengi hivyo, wala sijaona watu wa pwani wakijenga hivyo. Aliyeupanga mji ni Mzee Bukari, na aliupanga kwa mfano wa mji alikozaliwa, mji mdogo wa Afrika Magharibi ulio ukingoni mwa mto. Aliuacha akiwa kijana kwenda kuhiji, na hakuuona tena. Alipotoka Makka aliishiwa na masurufu Sudani, akawa askari, akafika Uganda, akashuka na misafara ya ng'ombe na pembe, mpaka siku moja akachoka kutembea. Akatua hapa na wenzake, Wanubi, Wamanyema, Wanyamwezi, na Mkamba mmoja ambaye ndiye babu yangu mzaa mama. Sisi ndio wajukuu na watoto wa kambi ile, wachinjaji, washonaji na wauza chai.

Mwaka huu ikatoka amri kwamba watu wakusanywe katika vijiji, kila mtu na kabila lake. Sisi kabila letu ni Kambini. Bwana Shauri, mzungu wa serikali anayeamua mambo ya ardhi, alikuja na karani wake akauliza swali moja: ardhi hii mlipewa, au mliazimwa mpige kambi tu? Wazee wetu wakasema tulipewa. Ndipo akasimama Mzee Njeru, jirani yetu wa kilima cha juu, mtu ambaye hasemi uongo hata kwa utani.

"Kwa desturi yetu Waembu," akasema, "mgeni akipewa shamba, kondoo dume analiwa. Wenye shamba na mgeni wanakula pamoja. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Kondoo hakuliwa."

Bwana Shauri akatupa siku kumi. Tukileta mtu mwingine aliyekuwepo, na akaeleza vingine, atasikiliza. Tusipomleta, nyumba zitabomolewa, na kila mmoja arudi kwao.

Mama yangu alizaliwa njiani, msafara ukiwa safarini, na nyumba yetu ya Kambini ndiyo mahali pekee alipowahi kupaita kwao. Aliposikia neno la Bwana Shauri alianza kufunga vyombo vyake. Halafu akavifungua tena, maana hakujua avipeleke wapi. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama, na nasema kweli, niliumia.

Zaidi ya Njeru, aliyekuwepo siku ile na bado yu hai alikuwa mmoja tu, Bi Halima, mjane wa Bukari mwenyewe, mwanamke wa Kimeru ambaye baada ya mumewe kufa alirudi kwa ndugu zake Muthara, kule Tigania. Nikachaguliwa mimi kumfuata, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamezuiwa barabarani na mchinjaji asiye na ng'ombe hana kazi.

Mama alinifungia chakula, njahi, yale maharagwe meusi. Hapa niseme wazi kwamba mimi na njahi hatupatani. Kila mwaka baada ya mavuno Kambini hupikwa chungu kikubwa tunachokiita njahi za Mzee, na kwa sababu asiyoijua mtu zinatiwa magadi mengi mno, mpaka zinateleza kama sabuni na kuuma ulimi. Bukari aliagiza ziwe hivyo, basi ziko hivyo. Tangu utotoni siku ile ndiyo siku yangu ya kusingizia tumbo. Nilichukua njahi za mama, nikachukua na kisu changu cha kuchinjia, nikitumaini kununua kuku njiani nimchinje mwenyewe nile kama binadamu.

Embu mpaka Chuka

Kisu kile kilikuwa upumbavu wa kwanza. Nimekibeba miaka ishirini, kiko kiunoni kama mshipi, wala sikufikiri.

Toka Embu nilipanda lori lililobeba madebe ya mafuta ya taa na sabuni za duka moja la Meru. Barabara ile haiendi moja kwa moja hata kidogo. Inateremka mpaka mtoni, inavuka daraja la mbao, inapanda tena upande wa pili, na ukifika juu unaona ulikotoka pale karibu, ungeweza kumwita mtu akakusikia. Halafu unateremka mto mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha, na katika kila mteremko dereva alituambia tushuke tutembee, lori lishuke peke yake na madebe yake. Nadhani zaidi ya nusu ya njia niliyolipia lori nilikwenda kwa miguu.

Kabla ya Chuka kulikuwa na kizuizi, gogo na homugadi saba. Wakatupekua. Mkubwa wao, sajenti mwenye koti la mvua lililomzidi, akakiinua kisu changu juu.

"Hii kisu ni ya nini?"

"Ya kuchinja, afande. Mimi ni mchinjaji."

"Kuchinja watu ama mbuzi?"

Sikucheka. Wakati huu mtu hukamatwa kwa panga la kukatia majani ya mbuzi, seuze kisu kilichonolewa pande zote. Nilimfikiria mama na vyombo vyake. Nikawaambia mji wangu, kazi yangu, niendako. Sajenti akanitazama kofia, akatazama kisu, akafikiri. Kisha akaonyesha beberu aliyefungwa nyuma ya kibanda chao.

"Kama wewe ni mchinjaji kweli, chinja huyo tuone."

Jamani, sijawahi kuchinja kwa uangalifu vile. Nilikiosha kisu, nikamlaza beberu akielekea kibla, nikapiga bismillahi, nikakata mara moja. Nikamtundika, nikamchuna, nikaitandaza ngozi chini mbele yao. Wakaigeuza na kuinyanyua kwenye mwanga kutafuta tundu.

"Hakuna hata moja," akasema sajenti, akionekana kama amehuzunika kidogo. "Huyu ni mchinjaji."

Lori lilikuwa limekwisha kwenda. Lakini moyo wangu ulitulia, kwa sababu beberu yule alikuwa halali, nimemchinja mimi mwenyewe, na ini lake lilikuwa linang'aa. Nikaanza kutafuta kuni. Mara Landrova ikafika, beberu akapakiwa mzima na ini lake, ikaenda.

"Hiyo nyama ni ya mzungu wetu," akasema sajenti. "Lakini hatuwezi kukuacha na njaa, wewe ni mtu wa kazi." Akaniletea bakuli la njahi na mahindi. Kisu akakiweka ndani ya sanduku la risasi, akasema nitakichukua nikirudi.

Kanyakine

Siku ya pili nilitembea, nikabebwa na baiskeli ya mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko pumzi, nikapata lori jingine, na nilipofika Kanyakine saa ya kafyu, amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa karibu. Maduka yalikuwa yanafungwa. Nilisimama barabarani na kifurushi changu, sijui nigonge wapi.

Mwanamume mmoja mwenye suti iliyofifia akanijia kwa haraka. "Wewe utakamatwa hapo. Twende nyumbani."

Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Sikumjua, hakunijua, wala hakuuliza zaidi ya kama nina pasi. Nyumbani kwake migomba ilizunguka uwanja, na mkewe, Nkirote, alipomwona mumewe kwa mbali anakuja na mgeni, alikuwa amekwisha kumshika kuku. Nilipoingia getini kuku ameshanyonyolewa.

Mnajua shida yangu. Nyama isiyochinjwa na Mwislamu sili, na hapo nimebebwa kutoka barabarani kama mtoto wa mtu. Nilikaa pale nikisikia harufu ya mchuzi na kutafuta maneno. Chakula kilipoletwa nikasema kwa sauti ndogo kwamba nitakula mboga.

Nkirote akasimama na bakuli mkononi. "Kuku yangu iko na makosa gani?"

"Haina makosa, mama. Ni dini yangu tu."

"Kwa nini hukusema ukiwa kwa gate? Ningekupatia kisu uchinje mwenyewe."

"Kisu changu kimebaki Chuka," nikasema, na sijui kwa nini jibu hilo la kijinga ndilo lililomchekesha mwalimu. Alicheka mpaka akavua miwani. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameumizwa, na niliona aibu kuliko nilivyoona nilipopekuliwa.

Halafu akafanya jambo ambalo wakati ule nililiona dogo. Alilirudisha bakuli la kuku jikoni, akaleta chungu cha njahi zilizobaki mchana, akaketi, akapakua sahani tatu, yangu, yake na ya mumewe.

"Kuku itangoja kesho," akasema. "Mgeni hawezi kula peke yake kama amefungwa."

Tukala njahi sote watatu. Mwalimu alikuwa akiinua kijiko taratibu, maskini, macho yakielekea jikoni.

Meru mjini

Meru nilijipa moyo kwamba nitakula nyama hatimaye, maana kuna Waislamu na wachinjaji ninaowajua. Buchani nilikuta mlango umefungwa, kulabu tupu, na mwenyewe anauza viberiti. Ng'ombe wamezuiwa huko pia, ati kuna ugonjwa. Akanikaribisha kwake kwa heshima zote. Chakula sikitaji, mmeshakijua.

Alinipa hata hivyo kitu kizuri kuliko nyama. Kila siku, akasema, magari ya miraa yanashuka kutoka Tigania yakikimbia kama yanafukuzwa, kwa kuwa miraa ikinyauka haina mnunuzi, na yanaporudi juu yanakuwa matupu. Akanikabidhi kwa mmoja wa watu wa miraa, M'Ikiara, mwanamume mrefu mwenye shavu moja lililovimba kwa majani, ambaye alinipakia pamoja na majani makavu ya migomba wanayofungia bidhaa yao. Alikuwa akienda na kurudi mpaka Embu kila wiki. Kumbukeni jina hilo.

Muthara

Muthara ni soko dogo chini ya vilima vya Nyambene, udongo mwekundu na miti ya miraa iliyokonda kwa kuchumwa. Kijiji kilichozungushiwa handaki kilikuwa kinajengwa, na watu walikuwa wakibeba nguzo. Walinionyesha nyumba mara moja. Bi Halima alikuwa ameketi juani mbele ya ngozi iliyotandazwa mahindi, anawafukuza kuku kwa fimbo ndefu bila kunyanyuka. Kuku kumi hivi, wote wazima, na mimi sina kisu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. "Hiyo kofia imeshonwa Kambini. Wewe ni wa nani?"

Nilipomtajia mama yangu akaweka fimbo chini. Nikamweleza yote, amri, Bwana Shauri, siku kumi, neno la Njeru. Nilipofika kwa Njeru akaguna.

"Njeru amesema kweli," akasema. "Kondoo hakuliwa."

Nilihisi kama mtu aliyekosea ngazi. Nimekaa juu ya sabuni, nimepekuliwa, nimeombwa kuchuna beberu, nimefika mwisho wa Meru, kuja kuambiwa kwamba tumeshindwa. Nilitaka kuinuka nirudi siku hiyohiyo. Akanishika mkono.

"Keti. Una haraka kama baba yako. Uliza kwa nini hakuliwa."

Nikauliza. Nayaandika maneno yake jinsi ninavyoyakumbuka.

"Mimi nilikuwa bibi arusi, wa miezi miwili tu. Bukari alinioa hapahapa Muthara, akanipeleka Embu, lugha yao sijui, Kiswahili sijui. Wazee wakaja na kondoo dume. Wewe unajua Waembu kondoo wa kiapo wanamfanyaje? Wanamziba pumzi. Damu isimwagike kwenye shamba, ni mwiko. Hakuna aliyemwambia Bukari. Na Bukari alipoona kondoo ameletwa kwake, alifikiri ni heshima, mgeni apewe kuchinja. Akatoa kisu, akapiga bismillahi, akakata. Damu ikamwagika pale pale mpakani.

"Wazee wakaruka nyuma kama wamechomwa. Mwingine akaziba macho. Bukari na watu wake hawajui wamekosa nini. Kukawa na kelele. Mwisho wakaletewa kondoo wa pili, wazee wakamziba pumzi kama desturi, wakamchoma, wakawapa watu wetu. Watu wetu wakasema huyu ni mfu, haramu, hatuli. Basi hapo kuna nyama ya kondoo wawili, na watu wote wana njaa, na hakuna wa kula ya mwenzake. Kila upande umekasirika. Mzee wao mkubwa akasimama, anachukua fimbo yake aende.

"Mimi nilikuwa na chungu cha njahi motoni. Hakuna aliyeniagiza. Nilikipeleka katikati nikakiweka chini. Njahi hazina damu, hazina kuzibwa pumzi. Wakatazamana. Mzee mkubwa akaketi, Bukari akaketi, wakala wote chungu kimoja. Yule mzee akasema, mtu niliyekula naye chungu kimoja siwezi kumwambia ahame. Hiyo ndiyo siku mlipewa Kambini, mwanangu. Mlipewa kwa njahi."

Nikamfikiria Nkirote wa Kanyakine akirudisha kuku wake jikoni, na sahani zile tatu.

"Bibi," nikasema, "twende ukamwambie Bwana Shauri."

Akavuta kanga akanionyesha miguu yake. Ilikuwa imevimba kama magogo. Toka mvua zilizopita, akasema, haijavuka handaki lile. Basi nikajua nitarudi na maneno matupu, na maneno ninayoyaleta mimi, mtoto wa Kambini, ni nani atakayeyaamini?

Alikuwa akichorachora chini kwa fimbo huku tukizungumza. Nikaona ni mto, umepinda, na mji juu ya kona yake, katikati msikiti, soko nje, na chini kabisa mahali pa kuchinjia.

"Ni Kambini," nikasema.

"Si Kambini. Ni kwao. Alikuwa anachora hivi kila siku akingoja chakula. Jina lake nililijua, lakini ulimi wangu haukuweza kulisema vizuri hata siku moja." Akafuta mchoro kwa kiganja. Halafu, bila kunitazama, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kuna jambo moja zaidi. Nilikosea zile njahi."

"Ulikosea vipi?"

"Kwetu nilikuwa sijaona magadi. Kwenye mizigo ya Bukari kulikuwa na mfuko wa mawe meupe, nikafikiri ni chumvi ya kwao. Nikatia konzi mbili, nipendeze wageni. Nilipoonja mimi mwenyewe, baadaye, nilitaka ardhi inimeze. Zilikuwa hazilikiki. Lakini walikula, wote, na hakuna aliyesema neno. Kila mwaka baadaye Bukari akaniambia, pika kama siku ile, tia vilevile. Sijui kama alijua. Labda alidhani ndivyo Wameru tunavyopika. Labda alikuwa ananicheka. Nilimuuliza mpaka akafa, alikuwa anatabasamu tu." Alichukua fimbo akamfukuza kuku ambaye hakuwepo. "Njeru alikula pale. Ndiye aliyekuwa ameshika kondoo, kijana aliyeoa juzi. Muulize, kama walijua."

Nilimwahidi. Siku ile nilikula njahi za Bi Halima, za chumvi tu, na sikusingizia tumbo.

Kurudi

Kurudi kulikwenda upesi, kwa gari la M'Ikiara mpaka Meru, kisha lori. Chuka nilikikuta kisu changu kimekatiwa sukuma wiki siku zote hizo, makali yamekwisha kabisa. Sajenti alinipa mkono kama rafiki wa zamani. Njiani nilirudia maneno ya Bi Halima kichwani mpaka yakawa hayana maana, na kila niliporudia niliyaona mepesi zaidi.

Siku ya kumi, adhuhuri, tulikutana katika ukumbi wa nyumba iliyokuwa ya Bukari. Bwana Shauri mezani, karani anayetafsiri kando yake, wazee wa Embu upande mmoja na sisi upande wa pili. Mama yangu alikuwa amesimama nje akisikiliza.

"Shahidi yuko wapi?"

"Miguu yake imekataa, Bwana. Nimekuja na maneno yake."

Karani akatafsiri, akasikiliza, akanigeukia. "Anasema maneno si shahidi." Bwana Shauri alikuwa ameanza kufunga faili.

Nikaona hakuna faida ya kumwambia yeye. Nikageuka nikamkabili Mzee Njeru, nikamsimulia yeye, kondoo wa kwanza na kisu, kondoo wa pili, kelele, na mzee mkubwa akichukua fimbo. Njeru alinisikiliza na uso wa jiwe. Nikafika kwenye chungu. Nikasema, bibi arusi alikiweka katikati, mkala.

"Njahi kila mtu anapika," akasema Njeru polepole. "Huyo mama alisema alitia nini ndani?"

"Magadi, mzee. Alidhani ni chumvi. Konzi mbili."

Njeru akavua kofia yake.

"Konzi mbili," akasema. "Mimi siku zote nilifikiri ni tatu."

Mzee mmoja wa upande wao akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, naye labda babake alimhadithia. Karani hakujua atafsiri nini. Njeru akasimama na kusema kwa Kiembu, taratibu, ili karani asikose hata neno. Aliulizwa kama kondoo aliliwa, naye akajibu ukweli, kondoo hakuliwa. Hakuna aliyemuuliza juu ya njahi. Njahi zililiwa, yeye mwenyewe alikula, na baba yake alikula, na baada ya chungu kile neno lilitolewa kwamba watu hawa hawatahamishwa. Ardhi ilipewa. Akaketi.

Bwana Shauri aliuliza mara mbili kama ni kweli kwamba anaandika habari ya maharagwe. Akaandika. Wiki iliyofuata barua ikaja kwamba Kambini ibaki ilipo. Mama aliweka vyombo vyake kwenye rafu kimoja kimoja, akavifuta vyote, hata visivyokuwa na vumbi.

Lakini mimi nilikuwa bado na ahadi. Siku ileile ya kumi, watu walipotawanyika, nilimfuata Njeru kwenye njia ya kilima chake, nikamwamkia, nikamwambia kwamba Bi Halima anauliza jambo moja. Siku ile, mlijua?

Akasimama. Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena.

"Tulijua wote. Tonge la kwanza tu. Mimi niliona baba yangu amefunga macho, nikataka kutema. Lakini huyo Bukari alikuwa anakula akimtazama mke wake, na yeye mama amesimama pale na mwiko, anaogopa. Sasa utatema namna gani? Mwambie hivi. Sisi tulimaliza kwa sababu Bukari alimaliza. Alimaliza, akaomba tena."

Ijumaa M'Ikiara alipita na gari lake akirudi juu, tupu. Nilimsimamisha barabarani, nikampa maneno hayo ayapeleke Muthara, na sikumwacha aende mpaka aliponirudishia mara tatu bila kukosea: alimaliza, akaomba tena.